Kusoma Mikusanyo ya Tamthiliya Mpya: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yametoka kwa watu wanaohudhuria vikao vyetu vya kusoma tamthiliya kwa sauti hapa Dar es Salaam, na kwa wengine wanaotuandikia kutoka Mombasa, Nairobi, Unguja na Bujumbura. Mengi yanarudi kila mara, kwa hiyo tumeyaweka mahali pamoja. Anayeanza na aanzie juu. Aliyekwisha kusoma mikusanyo miwili mitatu anaweza kuruka hadi kwenye haki za waandishi au maswali ya mwisho.

## Mambo ya mwanzo

1. Mkusanyo wa tamthiliya mpya ni kitabu cha namna gani?

Ni kitabu kimoja chenye michezo kadhaa ya kuigiza, aghalabu mifupi, ya waandishi mbalimbali ambao wengi wao hawajatoa kitabu cha peke yao. Mhariri huichagua kutoka kwenye maonyesho ya mwaka fulani, tamasha au warsha ya uandishi. Kila mchezo huja na orodha ya wahusika, mahali na wakati, na mara nyingine maelezo ya onyesho la kwanza: lilifanyika wapi, lini, na nani aliigiza nini.

Kwetu si jambo geni. Mwaka 1968 Heinemann walitoa mkusanyo wa tamthiliya fupi za Afrika Mashariki kwa Kiingereza, wahariri wakiwa David Cook na Miles Lee. Cook alifundisha Makerere, chuo ambacho mwaka 1965 kilianzisha kikundi cha maigizo cha kusafiri kilichopeleka michezo mifupi mitaani na vijijini kwa lugha kadhaa, Kiswahili kikiwemo.

Mfano wa mbali unaonyesha vizuri faida ya vitabu hivi. Mjini New York, mkahawa mdogo wa Caffe Cino ulianza mwaka 1958, ukawapa nafasi waandishi ambao kumbi kubwa zisingewatazama. Mwaka 1966 michezo minane ya kumbi ndogo kama hizo ilikusanywa kitabuni. Ndani yake walikuwamo Sam Shepard na Lanford Wilson, wakati huo vijana wasiojulikana nje ya mitaa yao. Shepard alipata tuzo ya Pulitzer mwaka 1979, Wilson akaipata mwaka 1980. Aliyekinunua kitabu kile kilipotoka aliwasoma mapema kabla ya dunia kuwajua, na hiyo ndiyo raha ambayo msomaji wa mikusanyo huitafuta.

2. Mwandishi "chipukizi" na "wa kujitegemea" ni nani hasa?

Wa kujitegemea ni yule ambaye mchezo wake haukubebwa na chuo, wizara wala ukumbi mkubwa wenye bajeti. Yeye na wenzake wamechanga, wamekodi ukumbi, wamebandika matangazo wenyewe na kuuza tiketi kwa simu. Mara nyingi mwandishi ndiye mwongozaji, na siku mwigizaji asipofika, anapanda jukwaani mwenyewe.

Chipukizi si suala la umri. Kuna walimu wa makamo wanaoandikia wanafunzi wao kila mwaka kwa ajili ya tamasha la drama la shule nchini Kenya, lililoanza mwaka 1959, na bado hawana ukurasa hata mmoja uliochapwa. Na kuna waliochapwa wakiwa wadogo: Henry Kuria aliandika *Nakupenda Lakini* akiwa mwanafunzi wa Alliance High School, na kitabu kikatoka mwaka 1957. Ni miongoni mwa tamthiliya za mwanzo kabisa za Kiswahili kuchapishwa.

3. Tamthiliya si huandikwa ili itazamwe? Kwa nini nikae kuisoma?

Huandikwa ili itazamwe, ndiyo. Lakini mchezo wa kikundi kinachojitegemea huonyeshwa Ijumaa na Jumamosi, pengine na Jumapili mchana, basi. Ukumbi unalipiwa kwa siku, waigizaji wana kazi nyingine za kuwaingizia riziki, na kurudia onyesho ni gharama upya. Jumatatu mchezo umekwisha. Muswada umebaki kwenye kompyuta ya mtu mmoja, na kompyuta hiyo ikiibwa, mchezo umekwenda nayo.

Kwa hiyo kama ulikuwa Tanga siku mchezo ulipoonyeshwa Dar es Salaam, kitabu ndiyo njia yako pekee. Hata aliyekuwa ukumbini anafaidika, kwa sababu onyesho halimsubiri mtu: ukishangaa sentensi moja, mbili zimeshapita. Kwenye karatasi unarudi nyuma, unaona mwandishi alivyotega jambo ukurasa wa tatu na kulitegua ukurasa wa ishirini.

Naamini kabisa kwamba tamthiliya ndiyo utanzu wa Kiswahili tunaousoma kidogo kuliko unavyostahili, na kwamba michezo mipya inapotea kwa kukosa wasomaji zaidi ya inavyopotea kwa kukosa watazamaji.

4. Tangu shule nimesoma zile za mtihani tu. Nitaweza?

Utaweza, ila kuna mazoea ya kuachana nayo. Wengi wetu tulisoma *Ngoswe* ya Edwin Semzaba au *Kilio Chetu* tukiwa na daftari pembeni: dhamira, ujumbe, falsafa, mafanikio ya mwandishi, kutofaulu kwake. Ni kazi halali ya darasani. Tatizo ni kwamba humfanya msomaji akimbilie "mchezo huu unafundisha nini" kabla hajajua nani anamtaka nani, na nani anamwogopa nani.

Katika mkusanyo wa michezo mipya hakuna mwongozo wa majibu. Hakuna aliyekwisha kukuambia mhusika mkuu ni nani. Kwa kuanzia, shika swali moja tu: kila mtu aliye jukwaani sasa hivi anataka nini kwa mwenzake? Dhamira zitajitokeza zenyewe.

## Namna ya kusoma

5. Nianze ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho?

Hapana, si lazima. Mhariri amepanga michezo kwa mantiki yake, mara nyingi wenye nguvu mwanzoni na mwishoni. Anza na mfupi kuliko yote, wenye wahusika wawili au watatu. Umalize kwa mkao mmoja, kwa sababu mchezo uliokatwa vipande vya dakika tano za daladala unapoteza mwendo wake. Riwaya inavumilia kusomwa hivyo, tamthiliya haivumilii.

Utangulizi uuache hadi umalize mchezo. Wahariri wengi hufichua mwisho bila kukusudia.

6. Maelekezo ya jukwaa niyasome au niyaruke?

Usiyaruke hata kidogo. Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na ndipo wasomaji wapya wanapokosea zaidi. Tazama mistari hii, niliyoitunga hapa kwa ajili ya mfano tu:

MAMA SADA: Umekula?
RAJABU: Nimeshiba.
*(Kimya. Rajabu anatazama sufuria.)*
MAMA SADA: Sahani ziko palepale.

Ukiruka yale maneno ya katikati, umesoma mama anauliza, kijana anajibu, kisha mama anasema jambo lisilohusiana. Ukiyasoma, unajua kijana ana njaa na anaona haya kusema. Unajua mama amegundua. Na neno "palepale" linakuambia Rajabu anaijua nyumba hii, aliishi humu, akaondoka, na tangu aondoke hakuna aliyehamisha sahani. Hakuna aliyesema "nilikukumbuka", lakini limesemwa.

Waandishi wapya wana tabia mbili kuhusu maelekezo. Wapo wanaoandika mengi mno, hadi rangi ya pazia na upande wa kulala paka. Hao wanamwogopa mwongozaji. Wapo wanaoandika neno "kimya" na kukuachia mengine. Ukikutana na "kimya" au "anasita", simama kweli, hesabu pumzi mbili, kisha endelea.

7. Majina ya wahusika yananichanganya. Nifanyeje?

Orodha ya wahusika inyooshee kidole: weka alama ya kitabu pale, uwe unairudia. Msaada mkubwa zaidi ni kumpa kila mhusika sura ya mtu unayemjua. Mjumbe wa nyumba kumi akiwa na sauti ya shemeji yako, hutamsahau. Wengine hupiga mstari wa rangi chini ya kila jina. Kwenye kitabu chako mwenyewe hilo ni sawa, cha maktaba usikichore.

8. Ni lazima kusoma kwa sauti?

Peke yako si lazima, ila jaribu angalau kurasa mbili za mwanzo. Mazungumzo yaliyoandikwa vizuri hukaa mdomoni bila kugoma. Yakikukwaa ulimi kila mstari, ama mwandishi hajayasikia, ama wewe umeshika kasi isiyo yake.

Mkiwa watu wanne au watano, someni kwa sauti daima. Hakuna namna bora zaidi ya kusoma mchezo mpya, na inagharimu nakala tu na chai.

9. Tunataka kuanzisha kikundi cha kusoma. Kikao kinaendeshwaje?

Chagueni mchezo unaosomeka ndani ya saa moja. Hesabuni wahusika. Wakizidi watu, mtu mmoja abebe wawili wasiokutana jukwaani. Mpeni mtu mmoja kazi ya kusoma maelekezo ya jukwaa, na mtafutieni mwenye sauti tulivu, si yule anayependa kuigiza kuliko wote. Yeye ndiye anayeshika mwendo wa mchezo.

Msigawe sehemu kwa kufanana. Mzee akisoma kijana wa bodaboda, au binti akisoma mwenyekiti wa mtaa, mistari inasikika upya, kwa sababu hakuna anayejificha nyuma ya mazoea. Pia wenye aibu wanapata ujasiri: si mimi ninayesema, ni mhusika.

Msisimamishe usomaji kujadili neno. Malizeni kwanza. Baada ya hapo kaeni kimya kidogo, kisha kila mmoja ataje mahali pamoja aliposhtuka, kabla ya yeyote kusema "nimeupenda" au "sijaupenda". Tumeona mara nyingi kwamba mjadala ukianza kwa hukumu, wenye sauti kubwa wanaubeba wote.

Mkiweza, mwalikeni mwandishi. Waandishi wa mikusanyo hii wengi wako hai, wako jirani, na hawajawahi kusikia mchezo wao ukisomwa na watu wasio rafiki zao. Asieleze mchezo kabla haujasomwa. Akae nyuma asikilize. Kuhusu ruhusa, tazama swali la 16.

10. Michezo mingine imejaa Sheng, Kiswahili cha Lubumbashi au lahaja ya kwao. Nitakwama?

Usikwame kwenye neno moja moja. Mwandishi ameandika anavyozungumza mhusika wake, na mhusika wa Eastlands, Nairobi, hawezi kusema kama mtangazaji wa taarifa ya habari. Soma kwa sauti, maana nyingi itatoka kwenye mlio na hali. Lisiloeleweka kabisa, muulize mtu wa huko. Ni sababu nzuri ya kuwa na marafiki miji tofauti.

Ninachokikataa ni mhariri anayesanifisha kila kitu kabla ya kuchapa. Mchezo wa Goma ukisemwa kwa Kiswahili cha kitabu cha kiada umeshapoteza nusu ya wahusika wake.

11. Nimesoma mchezo mzima, sijaupenda. Nitajuaje kama ni mbaya, au unahitaji jukwaa tu?

Swali zuri, na halina kipimo cha uhakika. Ipo michezo inayolala kwenye karatasi na kuamka ukumbini, hasa yenye ngoma, nyimbo na vikundi vya watu. Kwenye ukurasa imeandikwa "wanacheza ngoma, wanatoka", maneno matatu. Ukumbini ni dakika saba ambazo hutazisahau. Tamthiliya nyingi za Tanzania tangu miaka ya 1970, za akina Penina Muhando na Emmanuel Mbogo, zimejengwa juu ya ngoma, majigambo na usimulizi, na waandishi wapya wamerithi mengi hapo. Ukifika kwenye wimbo, uimbe, hata kwa tuni unayobuni.

Dalili za udhaifu wa kweli ni nyingine. Wahusika wanaoambiana mambo ambayo wote wanayajua ("kama unavyojua, kaka yangu, baba yetu alifariki mwaka jana"). Wahusika wanaozungumza kwa sauti moja, ukifunika majina huwezi kuwatofautisha. Hotuba ya mwisho inayotueleza tumejifunza nini. Na tatizo linalotatuliwa na mtu anayeingia dakika ya mwisho, mara nyingi polisi au mchungaji.

Hata hivyo, mchezo wa kwanza wa mtu usiuhukumu kwa kasoro zake pekee. Tafuta onyesho moja linalopumua. Likiwepo, andika jina la mwandishi, umfuatilie.

## Kuvipata vitabu

12. Mbona madukani sivioni?

Kwa sababu wachapishaji wetu wanaishi kwa mtaala. *Kigogo* ya Pauline Kea, na baada yake *Bembea ya Maisha* ya Timothy Arege, zilipowekwa katika mtaala wa sekondari nchini Kenya, zilifika hadi vibanda vya mitaani, miongozo na nakala za wizi zikifuata nyuma. Kitabu kisichotahiniwa hakina uhakika wa mnunuzi hata mmoja. Mkusanyo una tatizo la ziada: waandishi wengi, kwa hiyo mikataba mingi na mgao mdogo kwa kila mmoja, na jina la kuuzia kitabu halipo.

Matokeo yake mikusanyo mingi ya kundi hili huchapwa kwa fedha za tamasha, ubalozi au za waandishi wenyewe, nakala chache, ikauzwa mlangoni usiku wa uzinduzi. Usiponunua usiku ule, baadaye inakuwa ya kubahatisha.

13. Basi nitavipata wapi?

Anza pale mchezo ulipoonyeshwa. Ukiona tangazo la onyesho, waulize wenyewe kama kuna kitabu au muswada wa kununua. Swali hilo peke yake limewafanya baadhi ya vikundi wachape. Dar es Salaam, duka la vitabu la TPH pale Samora huweka vitabu vya Kiswahili visivyo vya mtihani. Nairobi, Nuria wamejijengea jina kwa kuuza vitabu vya waandishi wanaojichapishia. Maktaba za vyuo vikuu zenye idara za sanaa za maonyesho huwa na hazina iliyosahauliwa rafu za chini. Kampala, tamasha la kimataifa la thieta lililoanza mwaka 2014 limekuwa mahali pa kusikia michezo mipya ya kanda hii, mingine ikiwa bado ni muswada.

14. Rafiki amenitumia PDF ya mkusanyo mzima kwa WhatsApp. Kuna ubaya?

Upo. Najua bei za vitabu na najua mishahara, na simlaumu mwanafunzi asiye na namna. Lakini mwandishi wa kundi hili hana mshahara wa uandishi. Nakala zinazouzwa ndizo zinazoamua kama mkusanyo wa pili utatoka. Ukikosa uwezo, nunueni nakala moja watu watano, msome kwa zamu au kwa sauti (swali la 9). Ukiwa na uwezo, nunua mbili, moja uipe maktaba ya shule.

Kama ni mwandishi mwenyewe aliyesambaza, hilo ni jambo lingine. Soma kwa amani, kisha mwandikie umwambie umesoma.

## Haki za waandishi

15. Tumeupenda mchezo mmoja, tunataka kuuigiza. Kitabu tumenunua. Yatosha?

Haitoshi. Ukinunua kitabu umenunua haki ya kukisoma. Kuigiza mbele ya hadhira ni haki nyingine, ya mwandishi, na anatakiwa kukupa ruhusa kwa maandishi, hata kama kiingilio ni bure, hata kama ni kanisani au shuleni. Sheria za hakimiliki za Tanzania Bara (1999) na Kenya (2001) zinamlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kwa hiyo mchezo mpya wowote unaoushika leo una mwenyewe.

Katika mkusanyo, angalia ukurasa wa hakimiliki. Mara nyingi kitabu kizima ni cha mchapishaji au mhariri, lakini haki ya kuigiza kila mchezo imebaki kwa aliyeuandika. Usimwombe mhariri ruhusa asiyokuwa nayo. Mwandikie mwandishi: kikundi chenu, ukumbi, tarehe, idadi ya maonyesho, kiingilio. Wengi watakubali kwa ada ndogo au kwa tiketi mbili na jina lao kwenye tangazo. Wanachochukia ni kuliona bango la mchezo wao wenyewe bila kuambiwa.

Ruhusa ya mwandishi haichukui nafasi ya taratibu za serikali. Usajili wa wasanii na vikundi uko kwa mabaraza ya sanaa: Tanzania Bara ni BASATA, Zanzibar ni BASSFU. Haki zikikiukwa, mlango wa kubisha ni taasisi ya hakimiliki: Tanzania Bara ni COSOTA, Zanzibar ni COSOZA, Kenya ni KECOBO.

16. Je, kusoma kwa sauti sebuleni nako kunahitaji ruhusa?

Watu wachache nyumbani, bila matangazo wala kiingilio, hapana. Mkitangaza, mkaalika umma, mkakaa mbele ya watu na karatasi mkononi, hilo ni onyesho kwa namna yake, nalo linaombewa ruhusa kama ilivyo kwenye swali la 15. Vivyo hivyo mkirekodi na kuweka YouTube.

17. Tunaweza kubadili mahali, kupunguza wahusika, au kuutafsiri?

Ombeni, kila kimoja kwa jina lake. Kuhamisha kijiji kutoka Kilifi hadi Kigoma huonekana jambo dogo, lakini huenda mchezo mzima umesimama juu ya bahari. Tafsiri nayo ni kazi inayotaka mkataba wake. Wapo waandishi wanaojitafsiri, kama Ebrahim Hussein alivyofanya mwenyewe kwa *Kinjeketile*, ambayo toleo la Kiingereza lilitoka mwaka 1970, mwaka mmoja baada ya lile la Kiswahili. Muulize mwandishi kwanza. Pengine tafsiri iko tayari kabatini.

## Maswali ya pembeni

18. Na michezo isiyoandikwa kabisa? Inaweza kuingia kitabuni?

Inaweza, ikipata mtu mvumilivu. Kikundi cha Mufwankolo cha Lubumbashi kilicheza kwa Kiswahili cha Katanga bila muswada: wanakubaliana kisa, kila mwigizaji anajaza maneno yake. Mwaka 1986 mwanaanthropolojia Johannes Fabian alifuatilia mchezo wao mmoja tangu mazungumzo ya mwanzo hadi onyesho, akarekodi, na mwaka 1990 ukachapwa kitabuni, maneno ya Kiswahili na tafsiri yake. Ukikisoma unaona kitu ambacho muswada wa kawaida huficha: mstari uleule ukibadilika kutoka zoezi hadi zoezi.

Vikundi vyetu vingi vya vichekesho hufanya kazi hivyohivyo. Mwenye simu ya kurekodi na subira ya kuandika anaweza kuokoa mengi, kwa ridhaa ya waigizaji wote, kwa sababu hapo waandishi ni wote. Jina la kikundi kama mwandishi si ajabu: tamthiliya ya *Ayubu* ilitoka miaka ya 1980 kwa jina la kikundi cha Paukwa.

19. Mchezo uliopigwa marufuku naweza kuusoma?

Mara nyingi ndiyo, na wakati mwingine kitabu ndicho kilichobaki. *Ngaahika Ndeenda* ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ iliigizwa na wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, mwaka 1977. Kibali kikafutwa baada ya wiki chache, na mwishoni mwa Desemba mwaka huohuo Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini. Mwaka 1980 mchezo ulitoka kitabuni kwa Kigĩkũyũ. Mwaka 1982 jukwaa lenyewe la Kamĩrĩĩthũ lilibomolewa, kitabu kikabaki.

Michezo ya shule nayo imepitia haya. *Shackles of Doom* ya Cleophas Malala, iliyochezwa na Butere Girls, ilizuiwa mwaka 2013 hadi Mahakama Kuu ya Kenya ilipoingilia kati. Mwaka 2025 *Echoes of War*, ya mwandishi huyohuyo na shule hiyohiyo, iliishia Nakuru kwa wanafunzi kuimba wimbo wa taifa na kuondoka jukwaani, mabomu ya machozi yakifyatuliwa nje. Nchi nzima ilibishana kuhusu mchezo ule, na wengi wa waliobishana hawakuwa wamesoma mstari wake mmoja. Ndiyo maana nawasihi wanaohariri mikusanyo wasiogope michezo ya namna hii. Watu na waisome, kisha wabishane.

20. Kuna mchezo wa mtu mmoja humu, unafanana na shairi. Nao ni tamthiliya?

Ni tamthiliya, na una ukoo. *Jogoo Kijijini* na *Ngao ya Jadi* za Ebrahim Hussein, zilizotoka pamoja kitabuni mwaka 1976, zinabebwa na msimulizi mmoja anayezungumza kwa ushairi. Michezo ya mtu mmoja inazidi katika mikusanyo mipya kwa sababu ya wazi: mwigizaji mmoja ni nauli moja. Usome ukiwa umesimama. Kila sauti mpya inapoingia, geuza uso upande mwingine, utajua nani anasema.

21. Nilisoma mchezo, nikaenda kuutazama, maneno si yaleyale. Nani kakosea?

Pengine hakuna. Kitabu kimepiga picha ya mchezo siku moja ya maisha yake, na kikundi kimeendelea kufanya mazoezi baada ya hapo. Kama mwandishi yuko na kikundi, mabadiliko ni yake. Kama hayuko, rudi swali la 17.

22. Mimi mwenyewe nimeandika mchezo. Nitaingiaje katika mkusanyo?

Usiutume kwanza kwa mhariri. Uusikie kwanza. Wape watu watano wausome mbele yako, nawe usisome sehemu yoyote, usisahihishe, usicheke vichekesho vyako. Shika kalamu, weka alama kila mahali msomaji alipojikwaa na kila mahali waliosikiliza walipoangalia simu. Andika upya. Rudia na watu wengine.

Kisha uonyeshwe mbele ya hadhira, hata kama ni ukumbi wa shule na viti vya plastiki. Wahariri wa mikusanyo huchagua zaidi michezo iliyokwisha kupita jukwaani. Weka kumbukumbu: tarehe, mahali, majina ya waigizaji. Muswada uwe safi: jina la mhusika juu au pembeni, maelekezo ndani ya mabano, kurasa zenye namba, jina lako na namba ya simu ukurasa wa kwanza. Nakala moja jitumie kwa barua pepe, ili kompyuta ikiharibika mchezo ubaki.

Ukialikwa kwenye mkusanyo, soma mkataba kabla ya kufurahi. Uliza mambo matatu: haki ya kuigiza inabaki kwa nani, unapewa nakala ngapi, na kama unaruhusiwa kuuchapa tena mchezo wako ukitoa kitabu chako. Kama hakuna mkataba ulioandikwa, omba uandikwe. Na kama hujapata pa kuusomea, uletee kwenye kikao chetu. Njoo na nakala sita, na ukae nyuma.